Mwisho wa Mstari

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Habari za nyumbani kwako? Mgongo wa wifi umepata nafuu? Mimi nipo, nakula, naenda kazini, ingawa furaha imenipa kisogo.

Uliponiuliza kwenye simu kama kweli nimeshushwa cheo, nilibadilisha mazungumzo. Ni kweli, kaka. Tulikuwa tunamwonyesha matroni wa kliniki programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, ya kuhesabu wagonjwa walio kwenye foleni. Nikabonyeza, na mahali pa hesabu likatokea jina la klasi yangu, yaani kifurushi cha maagizo nilichokiita Foleni, likiburuta mkia wa herufi na tarakimu zisizoeleweka. Matroni akauliza kwa upole kama huyo naye ni mgonjwa. Watu wakacheka. Nikausoma mstari wangu wa programu tena na tena, nikaona uko sawa.

Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kipara ingawa ana nywele tele, akainama akanieleza mbele ya wote, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Akasema funksheni, yaani agizo la kazi moja, ukiiita inakurudishia jibu lenyewe, namba ni namba. Klasi ukiiita inakupa kitu kizima, na jibu limo ndani yake. Sharti uendelee, uiite funksheni iliyomo humo, ndipo hesabu irudi.

"Umeishia njiani, dada," akasema. "Umeiita Foleni, lakini hukuiambia ihesabu."

Somo hilo Kipara nilimfundisha mimi alipoanza kazi. Akanitazama usoni, nikajua anangoja nimbishie. Nikasema nilikuwa sijui.

Bosi hakufoka. Kesho yake akanipeleka kwenye mafunzo ya wanaoanza, na meza yangu akapewa Kipara. Tukipishana kwenye ngazi anainamisha kichwa kama mtu aliyeniibia.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Mstari ule niliuandika wote. Mkono uliteleza nikafuta kipande cha mwisho, na sikuona kwamba kimefutika, kwa sababu upande wa kulia sioni kitu. Macho yote mawili, kaka. Ni ukungu mtupu, na unazidi kusogea. Daktari amesema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hawezi kukizuia kisiondoke.

Nilikubali waniite mjinga kuliko waniite kipofu. Mjinga hufundishwa akarudi mezani kwake. Kipofu niliona atasindikizwa mlangoni.

Nimechoka kujificha. Jumatatu nitamweleza bosi, na Kipara pia, maana ananionea haya kwa kosa ambalo si lake. Mama usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu za kumsikia akilia.

Msalimie sana wifi, umpe pole ya mgongo. Ukipata nafasi ya kuja, usije peke yako. Njoo na watoto, kaka. Nataka niwaone.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba