Intumba za Ndugu Mkuu

Mzee wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako, na bado kinanipwaya. Sikujua nianzie wapi, basi naanza na habari ambayo ungeipenda kuliko salamu: maharage yameota. Yote, hata ya upande wa kinamasi, ambako tuligombana.

Tangu tukuzike mambo hayajabadilika sana. Mafundi seremala bado wanatengeneza vitanda na kuvipeleka vijijini, na gari linarudi na mahindi. Wanafunzi wanakula mara mbili kwa siku. Wasichana wa ushonaji wameliziba lile pengo la dirisha la ofisini kwa pazia la khaki, kwa sababu upepo wa hapa Sumbawanga unaujua mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba mimi ndiye kaimu mkuu wa chuo. Cheka tu, Mzee. Hata mimi nilicheka.

Unakumbuka siku ulipoletwa kuwa mkuu? Sisi walimu tulikuwa tunangoja msomi, akaja mtu wa magunia. Miaka mingi lori lako lilikuwa likipanda kutoka Ilemba na kushuka kutoka Mpui na nafaka. Kisha vijiji vikaundwa, ghala likawa la kijiji, lori ukalikabidhi kwa ushirika, na wewe, ambaye mikutanoni uliitwa mnyonyaji huku umekaa mstari wa mbele, ukaombwa ukiokoe chuo ambacho wanafunzi wake walikuwa wakirudi makwao kwa njaa. Katika chumba cha walimu nilisema kwa sauti, "Mchuuzi atatufundisha nini?" Wenzangu walicheka. Nilijiona hodari.

Hukuingia hata ofisini. Ulikwenda moja kwa moja stoo, ukatoa bambo lako mfukoni, kile kichuma cha kutobolea gunia, ukalichoma gunia la kwanza na kumwaga punje kiganjani. Ukaing'ata moja. "Mwalimu, haya bado yana maji. Mwezi hautakwisha kabla hayajaoza." Yalikuwa mahindi yangu, Mzee, niliyovuna na kuyafunga mimi, na darasa langu lote lilikuwa nyuma yako. Nilikuchukia kuanzia dakika ile. Nasema wazi kwa kuwa sasa naweza kusema.

Ukajenga vichanja vya kukaushia. Ukawaambia maseremala wamuulize mteja kwanza anataka kulala juu ya nini. Msimu mmoja tu, na hakuna aliyerudi kwao kwa njaa. Niliyaona yote hayo, nikawa nageuza uso.

Halafu ukanigusa penyewe. Nilikuwa nimerudi kutoka kusomea kilimo mbali, na matuta yangu marefu ya mstari niliyapima kwa kamba. Ukaja shambani na kanzu yako umeikunja magotini, ukasema tupige intumba, vile vilima vya duara ambamo mama zetu hufukia majani chini ya udongo mvua zikielekea kwisha, wakapanda maharage juu, na msimu unaofuata wakavitawanya wapande ulezi. "Nimenunua maharage Mpui tangu ndevu zangu nyeusi. Gunia zito lilitoka kwenye intumba. Kamuulize mama yako."

Mama yangu! Mfipa hapo ni mimi, niliyezaliwa katikati ya hizo intumba na kusoma ili niepukane nazo. Wewe baba yako alitoka pwani ya Ziwa Tanganyika na vitambaa na chumvi. Mgeni ananirudisha kwetu mbele ya wanafunzi. Niliona aibu, na aibu ikageuka kuwa hasira.

Ndipo nikaandika ile barua kwenda mkoani. Niliandika kwamba Mkuu ana mawazo ya kibepari, anawarudisha vijana kwenye ukale, na ili niaminike nikataja kwamba intumba arobaini na tatu za upande wa kinamasi zimepandwa kabla majani hayajaoza vizuri. Chini sikuweka jina. Niliandika "Mwananchi mwenye uchungu."

Walikuja watatu na Landrova. Walikuweka ofisini tangu asubuhi hadi wakati wa chakula. Ulipotoka ulifunga vifungo vya koti, ukanikuta nimesimama kama nguzo pale barazani, ukasema, "Ndugu Mwalimu, darasa lako linakungoja." Basi. Walikupa msimu mmoja wa majaribio. Matuta yangu yakawa ya njano, intumba zako zikajaza stoo, na wale mabwana hawakurudi.

Mara ngapi nilifika mlangoni kwako ili nikiri! Unaniangalia, nakuuliza habari ya mbolea. Kisha kifua kikakubana, wakakukimbiza hospitali, na habari ikanifikia nikiwa na jembe mkononi. Tulikuzika baada ya alasiri. Nilishika jeneza pamoja na wenzangu, na nilijiona sistahili kulishika.

Siku ya arobaini, watu wakila pilau, Mama Zainabu, mkeo, aliniita nyuma ya nyumba. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu, tangu msiba unanikwepa. Ni kwa ile barua?"

 Akaichukua sahani mkononi mwangu, akaiweka chini.

"Alijua siku ileile. Si walimsomea? Alirudi hapa akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema, 'Chuo kizima kuna mtu mmoja tu aliyepita kuhesabu intumba za kinamasini. Mtu wa hivyo hawezi kuliacha shamba life. Huyo ndiye nitakayemwachia chuo.' Na aliandika uachiwe wewe, jina lako liko mkoani. Sasa kula."

Mzee, nililia na kucheka pamoja, msibani kwako, na pilau nikaimaliza. Kifua kilichonibana miaka miwili kikafunguka. Ulijua, na kila asubuhi ulinisalimia vilevile! Nilitaka nikukasirikie kwa kuniacha nihangaike hivyo. Nimeshindwa. Nimebaki na shukrani tu, na wepesi nisioujua tangu nianze kazi.

Bambo lako Mama Zainabu alinipa mimi. Nalitia mfukoni, na wanafunzi wananicheka.

Jambo la mwisho. Wiki iliyopita amekuja bwana shamba mpya wa mkoa, kijana, ana kamba ya kupimia na amesoma mbali kama mimi. Anataka intumba zote zisawazishwe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo kaimu aondoke. Leo asubuhi nimemjibu kwa barua. Nimemweleza juu ya majani, udongo na magunia ya Mpui, na kwamba namkaribisha aje achome bambo mwenyewe. Sikumtukana, maana namjua kijana wa namna hiyo. Halafu nikaandika jina langu kamili, nikapiga mhuri. Huenda wakaniondoa. Siogopi kama nilivyodhani nitaogopa.

Lala salama, Mzee wangu, Mungu akupe nafasi. Nakuahidi hili moja: mkono huu hautaandika tena habari ya mtu ukaficha ni mkono wa nani. Naanza na wewe, niliyekuandika vibaya zamani.

Mwananchi mwenye uchungu ni mimi,
Gaudensi Kauzeni,
mwalimu wako wa kilimo.