Dosie ya Jean

Croydon, 3 Machi 1997

Dada Gaude, shikamoo.

Nakusihi, hata neno moja la barua hii lisikutoke, hata kwa shemeji. Mimi mzima, ila moyo unanidunda. Ninyi huko Brussels hamjambo?

Mteja wetu Jean, Mzaire, anataka bintiye Miradie aje London. Serikali inasema hana mtoto, amemtunga tu. Jean anasema alipokuwa mwanafunzi huko kwenu, manispaa ilimfungulia dosie, jalada la habari zake, na mtoto yumo. Nilipomwambia bosi, mwanasheria Kamande, aliruka: "Dosie? Kijana, huyo jasusi?"

Kwa Waingereza neno hilo linanuka upelelezi. Nimelifuatilia maktaba, dada, natetemeka kwa furaha! Kwa Wajerumani ni kurasa za gazeti zinazochambua jambo moja. Kwa Waholanzi ni jalada tu. Neno moja la Kifaransa, kila nyumba limevalishwa nguo yake!

Kamande hataki kuiomba dosie hiyo. Nimeandika ombi mwenyewe, kwa karatasi yenye nembo ya ofisi. Jean ametia sahihi. Ipeleke manispaa. Kesi ni tarehe 25.

Mdogo wako,
Deus

Brussels, 11 Machi 1997

Mdogo wangu, marahaba. Tu wazima, mafua tu.

Hapa hata paka wa jirani ana dosie kwa daktari wa mifugo! Ila wamenirudisha dirishani. Huku, kama Zaire, mtu huandika kwanza kwa mkono wake "nimesoma na kukubali", ndipo atie sahihi. Jean kasahauje? Harakisha.

Dada yako,
Gaudensia

Croydon, 26 Machi 1997

Dada, shikamoo. Mafua yameisha?

Jean hakusahau. Kwenye karatasi ya kwanza aliyaandika maneno hayo. Mimi nikaona kaichafua, nikampa safi. Niliporudi kwake aandike upya, alicheka: "Ah, karani, ni wewe ulinizuia!"

Nakala ya dosie uliyotuma ilifika juzi. Ukurasa wa tatu, Miradie, na tarehe aliyozaliwa! Ilinibidi nimweleze Kamande nilivyoipata. Akaichukua. Jana jaji alikubali, dada! Mtoto anakuja! Jean alinibeba juu juu pale mlangoni mwa mahakama, na tai yangu!

Leo Kamande amenipa mkono, kisha barua ya kuniachisha kazi. "Umenishindia kesi," alisema, "lakini nembo ni yangu." Naogopa, ila midomo inacheka yenyewe.

Basi usiandike tena ofisini. Piga simu dukani kwa Bi Jokha, Tottenham, Jumamosi baada ya saa nane mchana. Mwambie unamtaka Deus wa ghorofani. Acha iite sana. Akianza kuongea na wateja hasikii.

Mdogo wako,
Deus