Picha ya Mama Mdogo Akiosha Karoti

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika, milima ya Uluguru inaonekana yote mpaka juu, na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nianze na kosa, maana ni langu.

Mwezi uliopita nilipanda Mgeta, kijijini kwetu mlimani, nikamkuta mama mdogo kijitoni, kanga ameipandisha magotini, anaosha karoti kwa kuzikanyaga ndani ya gunia. Kwetu ndivyo zinavyooshwa. Hata mimi nilizikanyaga sana nikiwa mdogo. Nikampiga picha, nikaiweka stetasi. Sikumuuliza. Si mama yangu mdogo?

Jumatano picha ikanirudia kwenye kundi la mtaa wetu hapa mjini. Mtu ameiongezea maneno: karoti mnazokula zinaoshwa kwenye mtaro wa maji machafu. Na uso wa mama mdogo unaonekana vizuri kabisa. Alhamisi aliposhuka kuuza sokoni, wateja wake wa miaka yote waliipita meza yake, wakanunua kwa jirani.

Nilifikiria kukaa kimya. Nani angejua?

Ningejua mimi.

Nikaandika kwenye kundi, kwa jina langu: picha nimepiga mimi, huyo ni mama yangu mdogo, maji ni ya kijito cha mlimani, na habari ya mtaro ni uongo. Sikumtukana mtu, ingawa matusi nilikuwa nayo tele. Nikaomba kila aliyeisambaza aifute, kisha apeleke maelezo yangu kule kule alikoituma. Wengi wamefanya hivyo. Mmoja akasema ulikuwa utani tu. Nikamwambia aende sokoni akamtanie mwenyewe.

Leo nimeshinda na mama mdogo mezani kwake sokoni. Wanawake wawili wamekuja kumwomba radhi, wakaondoka na karoti. Wengine bado. Jumatatu nitakwenda tena.

Mchana nilimwonyesha ile picha kwenye simu yangu, nikamuuliza niifanyeje. Akaishika simu, akaisogeza karibu na macho.

"Kanga imepanda mno," akasema. "Ungeniuliza siku ile, ningeishusha kwanza."

Nikaifuta mbele yake. Nimeona aibu, kweli.

Akajifunga kanga upya, akakaa sawasawa nyuma ya karoti zake.

"Haya. Sasa piga."

Nimepiga. Hii haiendi popote mpaka aseme yeye.