Tangi la Bwana Afya

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua tangi la samaki. La kioo, limeziba nafasi yote lilipokuwa kabati la vyombo. Wachukuzi wawili wamelipandisha ngazi kwa kelele, na jirani wa juu akachungulia kuuliza kama tunahama. Nikamwambia hatuhami. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka.

Mke wangu alirudi kazini akalikuta. Akalizunguka na mkoba wake begani. Akauliza likijaa maji litabebeka kweli. Nikasema halibebeki. Akaenda kuvua viatu.

Niandike basi, maana hapa hasomi mtu. Ameteuliwa kuwa mkuu wa chuo cha wakunga. Mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Anaanza Aprili. Nyumba wanampa, ina kibaraza na geti. Anataka twende wote. Sijasema ndiyo, sijasema hapana. Sasa nina tangi.

Jumanne, 4 Machi

Mgongo umekatika! Nimeosha changarawe tangu asubuhi, beseni baada ya beseni, mpaka maji yakatoka meupe ya kunywa. Miaka yote nilikuwa bwana afya wa manispaa, sijui kuosha kitu nusunusu. Nimefunga kichujio, pampu ya hewa, taa. Nikajaza. Halikuvuja hata tone.

Muuza samaki wa mapambo, yule wa nyuma ya soko, alinisifu kweli. Eti anaona mara moja mtu anayejua kazi. Akanifungia samaki sita wa dhahabu kwenye mfuko wa nailoni, nikarudi nao nimeushika kifuani.

Mke wangu kapekua simu yake huku anakula. Anasema tangi jipya linaachwa wiki kadhaa likizunguka bila samaki, mpaka bakteria wazuri wajijenge kwenye sponji ya kichujio. Hao ndio wanaokula sumu ya mavi ya samaki. Bakteria wazuri! Nimezeeka nikiwafukuza bakteria kwenye majiko ya watu, leo naambiwa niwakaribishe sebuleni. Nikamwambia asome ya wakunga, ya samaki aniachie.

Jumamosi, 8 Machi

Wawili wamekufa. Nimewakuta wanaelea, tumbo juu.

Muuza samaki anasema ni mshtuko tu, akaniuzia dawa ya matone. Mke wangu kaona chupa, kaona samaki, kanyamaza. Kunyamaza kwake huko! Afadhali angesema.

Nimebadilisha maji robo. Nitafanya hivyo kila Jumamosi. Unanyonya mpira upande mmoja mpaka maji yaje, halafu unauwahisha ndooni. Leo nimemeza funda zima.

Binti yetu amepiga simu. Anasema mama yake amemwambia bado sijaamua. Nikamweleza habari za kichujio. Akasikiliza mpaka mwisho, mtoto ana adabu, kisha akauliza: kwa hiyo baba utabaki na samaki? Nikajifanya mtandao umekatika.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda kunywa chai pale kwenye kona. Mwenye mkahawa nilimfungia jiko mara mbili enzi zangu. Zamani nikitokea mlangoni alikuwa anafuta meza kwa shati lake mwenyewe. Leo kanihudumia wa mwisho, na kikombe kina alama ya mdomo wa mtu. Nimekinywea hivyohivyo. Nitamshtaki kwa nani?

Halafu fundi saa mmoja wa palepale kwenye kona, hana staha hata kidogo, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: mzee, tumesikia mama amepanda cheo, hongera — sasa huko wewe utakuwa nani?

Wakacheka. Nami nikacheka. Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani, meno nje, roho inaniuma.

Nitakuwa nani? Mume wa Mkuu. Nitafungua geti, nitafunga geti. Wanafunzi wataniamkia kwa heshima yake. Mtu niliyekuwa nikiingia mahali watu wanasimama!

Ijumaa, 21 Machi

Maji yametulia. Wanne waliobaki wanakula vizuri. Mkubwa wao nimempa jina la Mkaguzi. Kila asubuhi anazunguka kona zote, anapekua chini ya jiwe, anatema changarawe aliyoionja kama haijamridhisha. Simchoki.

Leo mke wangu alileta kiti akakaa kando yangu. Tulikaa hivyo muda mrefu, mabega yanagusana, taa ya tangi tu ndiyo inawaka. Nilijisikia vizuri. Nilikaribia kusema.

Yeye akawahi. Akasema samaki wanasafirishwa, hawa wenyewe wametoka mbali, unawatia kwenye ndoo yenye mfuniko na maji yao wenyewe. Nikasema samaki hawaulizwi wanataka kwenda wapi.

Akasema, "Lakini wewe umeulizwa, baba."

Nikaondoka kwenda kupiga mswaki. Nilipotoka bafuni kiti kilikuwa kimesharudishwa mezani.

Jumapili, 30 Machi

Maboksi kila mahali. Anafunga vitu vyake. Anaviita "vitu vyangu", taratibu, kama mtu anayejifunza lugha. Kila sahani ananiuliza: hii ibaki? Ibaki. Sufuria hii? Ibebe. Cherehani? Ni ya kwako, kwa nini unaniuliza!

Sikuweza kukaa bure nikitazama. Nikafungua kichujio. Lo! Sponji imegeuka kahawia, utelezi mtupu, inanuka kama tope la mtaroni. Kitu kama hicho ningekikuta jikoni kwa mtu, siku hiyohiyo ningeweka kufuli. Nikaichemshia maji. Nikaiosha kwa sabuni, nikailoweka kwenye klorini, nikaisuuza mpaka mikono ikachubuka. Ikarudi nyeupe kama imetoka dukani. Nikaona nisiache kazi katikati, nikabadilisha na maji yote.

Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nalala nikijua leo nimefanya kazi.

Jumatano, 2 Aprili

Wamekufa. Watatu. Jana maji yalianza kuwa na ukungu, leo ni kama maziwa yaliyozimuliwa. Amebaki Mkaguzi peke yake, yuko juu kabisa, mdomo nje, anahema.

Mke wangu aliinama akatazama kichujio. Akaitoa ile sponji nyeupe, akainusa. Akasema, "Bwana Afya! Umewaua kwa usafi."

Akacheka. Ni kicheko chake cha siku zote, hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini kilinichoma. Nikabwata. Nikamwambia aende zake huko kwenye chuo chake akawe mkuu wa kila mtu, maana hata tangi langu anataka kuwa mkuu wake. Nikamwambia nimemlea katika kazi yake miaka yote, zamu za usiku nilikuwa nawapikia watoto uji, na sasa malipo yangu ni geti. Nikasema na mengine. Sitayaandika.

Alichukua ile chupa kubwa ya chai, akafunga kanga, akatoka. Nikajua amekwenda kulia kwa jirani wa juu.

Kumbe alikwenda nyuma ya soko. Amerudi jasho linamtoka, na ndani ya chupa kuna kipande cha sponji chafu kutoka tangi la yule muuza samaki. Kichafu mno! Akapandisha mkono wa gauni, akakizamisha kwenye maji yangu, akakikamua. Wingu la kahawia likatanda mpaka Mkaguzi asionekane. Kisha akakitia kwenye kichujio na kuosha mikono yake hadi kwenye viwiko, kiukunga.

Nilitaka kumwambia asante. Na samahani pia. Nikamwambia anamwagia zulia maji.

Ijumaa, 4 Aprili

Anaondoka kesho. Maji yameanza kuonekana. Mkaguzi amekula punje mbili.

Tumekula chakula cha usiku kwenye sinia moja kwa sababu sahani zake zimefungwa na zangu sijaziosha. Amenionyesha dawa zangu za presha ziko droo gani. Ameniandikia namba ya fundi bomba ukutani. Amesema niwe nakula, si samaki tu wawe wanakula. Hakuuliza tena. Nilikaa nikisubiri aulize tena. Mtu anasubiri kuulizwa, kumbe muulizaji ameshachoka.

Nina hasira. Na nani, sijui.

Jumamosi, 5 Aprili

Gari la mizigo lipo chini tangu saa mbili. Wapakiaji wanapanda na kushuka. Cherehani imekwenda. Maboksi ya vitabu yamekwenda. Kitanda amekiacha, anasema huko kipo.

Nimesimama dirishani natazama, mikono nyuma, kama nakagua. Nyuma ya kiti cha dereva ameacha nafasi tupu. Kubwa. Ametandika godoro la mgeni chini, na mablanketi mawili pembeni, yamebanwa vizuri. Mpakiaji mmoja alitaka kusukumia meza pale, nikamsikia mke wangu akimkatalia. Yule akauliza basi kunakaa nini hapo. Akasema kioo.

Kioo! Hatuna kioo cha kusafirisha. Kioo cha kujitazamia kimegundishwa ukutani.

Nikarudi sebuleni. Nikakaa. Nikasimama.

Leo ni Jumamosi. Jumamosi nabadilisha maji, hilo linajulikana. Nimechukua mpira, nimenyonya, maji yamekuja. Ninaandika huku yakitiririka. Robo tu, kama kawaida. Samaki mgonjwa hasumbuliwi.

Ndoo ya kwanza imejaa. Nikahamishia ya pili.

Honi. Wapakiaji wanapiga soga, mmoja anasema mzee hashuki hata kuaga. Nimelisikia hilo, nina masikio.

Mkaguzi nimemtia kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa maji yake mwenyewe, na ile sponji chafu nimemwekea humohumo. Ni kwa usalama wake. Mpira ungeweza kumvuta.

Ndoo ya pili inakaribia kujaa. Robo imeshapita. Nafikiri nusu nayo imeshapita, jiwe limetoka nje na linang'aa. Sijui kwa nini siutoi huu mpira.

Honi tena, ndefu. Kisha viatu vyake kwenye ngazi. Navijua, hupumzika ghorofa ya kwanza.

Ameingia. Ametazama tangi, ametazama ndoo yenye mfuniko, amenitazama mimi na daftari hili gotini. Nikasema haraka kwamba nabadilisha maji tu, leo Jumamosi, akiona vipi watangulie.

Akasema, "Sawa, baba." Akabeba zile ndoo mbili zilizojaa kwenda kuzimwaga, nami nikaubana mpira kwa kidole. Sasa amerudi, ameziweka tupu miguuni pangu na amechuchumaa, ameshika mwisho wa mpira usiruke. Maji yamefika kwenye changarawe. Huko chini wanapiga honi na hakuna kati yetu anayewajibu.