Kabula, Presha ya Ardhini Haibishaniwi Mbele ya Wageni

Mpwa wangu Kabula, mwangaluka.

Anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye wale watafiti wa mafuta wangekuwa bado wanazunguka mbuga za Simiyu kama ndama waliopotelewa na mama. Injinia wao mkuu alinishika mkono akasema, "Mzee, wewe ungesoma, sisi tungekosa kazi." Sasa mtu wa namna hiyo unamkosoaje mbele ya wageni?

Umeniudhi, Kabula. Hata sasa naandika nimeudhika.

Unaikumbuka ile pamba iliyonyeshewa? Ulikuwa darasa la tatu. Niliijaza kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga mdomo, nikakupandisha juu ushindilie. Ukaruka weee, haishuki. "Mjomba, inanirudisha!" Nikakwambia kanyaga, ugali wote ule unaenda wapi? Mfuko ukapasuka ubavuni, maji yakanirukia suruali yangu ya kanisani. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ukakua, ukasomea mafuta, ukapata kazi huko kusini kwenye gesi. Ulipokuja likizo ukanieleza jikoni kwa bibi yako: "Ni ile pamba, mjomba. Tope la kale lilifunikwa haraka, maji yakakosa pa kutokea. Mzigo wa juu ukabebwa na maji, ndiyo presha inapita kiasi." Ukasema presha hiyo huyasukuma mafuta yatoke kwenye tope yaingie kwenye mchanga, na tope lenye presha likikaa juu huwa mfuniko, gesi isipande ikapotea. Nilielewa vizuri. Nilielewa kuliko ulivyoeleza.

Halafu siku ya sherehe ya kukupongeza, nimesimama, watu wametoka Lalago mpaka Nyalikungu, nawaambia presha ikizidi, mafuta yamezidi, kwa hiyo mwaka huu wasihangaike na pamba. Ukanyanyuka.

"Hapana, mjomba. Presha ikizidi mno inapasua mfuniko, gesi inapotea. Unaweza kuchimba ukakuta maji matupu. Jamani, limeni pamba yenu."

Shemeji yangu akaninyooshea kidole, akadakia, "Na huyu naye wamchunguze, mfuniko umeshapasuka!" Watu wakaangua kicheko. Nikakwambia usikanyage tena kwangu.

Ukaondoka asubuhi. Misimu miwili ya pamba imepita, hujarudi. Hivi wewe mtoto una nini? Nilikwambia nyamaza, hukutii. Nilikwambia kaa chini, hukutii. Hilo la kuondoka ndilo ukaliona la kutii!

Haya. Watu walilima, pamba ikatoka, na mafuta hatujayaona. Ulisema kweli. Ila bibi yako macho yamepungua, na kila akisikia pikipiki anauliza kama ni wewe. Njoo, mwanangu. Ukitaka kunikosoa nikosoe, lakini nikiwa nimekaa.

Safari njema, na usingoje mpaka mavuno.

Ila ukifika usije ukaniumbua kwa jambo moja. Kila Jumapili nasimama uani na simu sikioni, napaza sauti: "Eeh, Kabula! Bibi mzima! Sawa, nitamwambia!" Kisha naingia ndani kumpa salamu zako. Juzi nilimwambia umenenepa, akapiga vigelegele.

Simu yenyewe huwa imezimwa.

Ni mimi mjomba wako