Karatasi Niliyoitia Sahihi

Kalemie, tarehe 9 Julai 2024

Kwa Mama Alphonsine, Zongwe

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu zenye heshima na mapendo. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Prospère wa boti akuletee ilifika? Na nguruwe hawajarudi kwenye mihogo yako? Sisi hapa mtaani Kataki ni wazima wa mwili. Yaya Kalenga, mwanao, anakula, anatembea, na wiki iliyopita alitengeneza paa la jiko langu bila kuombwa. Nakwambia hayo kwanza ili usiogope, maana mimi mwenyewe tangu Alhamisi nimeshtuka hadi leo.

Sikupiga simu kwa kusudi. Jambo hili nataka ulisome umeketi, peke yako, si kulisikia nusunusu kule kilimani mnakotafuta mtandao, watu wamekuzunguka.

Unakumbuka kwamba Yaya aliomba pansio, yale malipo ya kila mwezi ya askari walioumia vitani. Wenzake waliokatwa miguu walikubaliwa. Jibu lake yeye lilikuwa mstari mmoja tu: ugonjwa wake wa akili hautokani na kazi ya jeshi. Daktari Christiane, anayemtibu hapa, alikasirika sana. Alisema amemfuatilia miaka mitatu, na yote anayoyaona yanatoka vitani Kivu: kule kujitupa chini pikipiki ikitoa mlio wa mlipuko, kule kushindwa kukaa chumba kilichofungwa mlango, na siku nzima za kunyamaza akinusa mpira unaoungua ambao haupo. Akaandika ripoti ya kurasa nne. Avoka Wilfried, wakili, akakubali kutukatia rufaa, tukaitwa mbele ya komisyo inayoamua mambo ya pansio Alhamisi asubuhi.

Yaya alivaa shati la bluu ulilomshonea. Aliomba mlango uachwe wazi, wakamkubalia. Mezani walikuwa watu watatu, na mkubwa wao alikuwa kanali ambaye pia ni daktari, mzee wa sauti ya chini. Aliisoma ripoti yote, akaisifu. Nikaanza kumshukuru Mungu moyoni. Ndipo akasema kwamba walipouliza habari za Yaya hapa mjini walipewa karatasi moja ambayo ripoti ile haiwezi kuishinda. Akaitoa kwenye dosye, lile faili la Yaya, akasoma: “Mimi, Mbuyu Émérence, dada wa mtu aliyekamatwa, natangaza ya kwamba kaka yangu ni mgonjwa wa akili tangu utoto wake.”

Mama, nilisikia jina langu kama linasomwa kwenye mazishi. Nilidhani kuna Émérence mwingine.

Hukuambiwa habari hii. Mwaka 2018 mabati yaliteleza kwenye lori pale sokoni, yakaanguka kwa kishindo. Yaya aliruka akamlalia mama mmoja muuza samaki ili amkinge, na mama wa watu akavunjika mkono. Watu walisema amemshambulia, wakampeleka polisi. Kesho yake ofisa aliniambia kwamba kama ana akili timamu ataenda gerezani, lakini kama ni mgonjwa wa tangu zamani, familia inaweza kumchukua. Nikajibu haraka kwamba ndiyo, ni wa tangu zamani. Yeye akaandika, mimi nikatia sahihi, tukarudi nyumbani na Yaya. Kwangu mambo yaliishia pale. Nakuapia, Mama, nilikuwa nimesahau kabisa.

Avoka Wilfried aliniinamia akasema ninaweza kunyamaza, kwa sababu kumdanganya ofisa ni kosa na wanaweza kunifunga. Nikamtazama Yaya. Alikuwa anautazama mlango. Nikasimama.

“Kanali,” nikasema, “ile njo uongo wangu. Yaya aliingia jeshini muzima.”

Hakunifokea. Aliuliza polepole: “Mama, siku ile ulidanganya ili atoke kifungoni. Leo unasema haya ili apate pansio. Mimi nitajuaje siku gani njo ya ukweli?”

Wakaamua kuahirisha hadi tarehe 30 mwezi huu, saa tatu asubuhi. Wanataka kumsikia mtu aliyemlea Kalenga, na mtu huyo ni wewe. Prospère amekuwekea nafasi kwenye boti lake Jumamosi ya tarehe 27. Ni yeye anayekuletea barua hii, lakini hajui kilichomo.

Sasa Mama, nimezunguka vya kutosha. Kuna jambo ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu kabla ya kulisikia kwa kanali.

Siku ile ofisa hakuridhika. Aliuliza mtoto anatoa wapi ugonjwa kama huo. Niliogopa asije akabadili nia, nikasema ni wa ukoo. Nikasema Papa, marehemu mume wako, pia alikuwa nao. Nikasema Papa hakuzama kwa dhoruba, bali alijitupa mwenyewe ziwani. Hayo yote yameandikwa, na chini yake pana jina langu. Kanali aliyasoma kwa sauti mbele ya watu.

Wewe uliyeketi ufukweni siku nne, pamoja na wajane wengine wa dhoruba ileile, mpaka walipomleta. Wewe uliyemfunga sanda. Nilimsingizia Papa, ambaye hawezi kujibu, na nilifanya hivyo katika muda wa kunywa chai. Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani.

Bado sijamaliza. Tulipotoka, Yaya aliketi kwenye ngazi. Nilijua atanipiga, nikasimama karibu naye ili anipige. Aliniuliza tu: “Papa hakujitupa?” Nikamwambia hapana, ilikuwa dhoruba, mitumbwi mingine mitatu ilipotea siku ileile. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, nikamjibu vilevile.

Kumbe siku ile ya 2018 walimpa karatasi aisome kabla ya kumwachia. Aliisoma akaiamini! Papa alipokufa yeye alikuwa Kivu, hakuona maiti wala kaburi likichimbwa. Alifikiri sisi sote tulimficha kwa huruma, na kwamba ugonjwa uko katika damu yake. Ndiyo maana alimrudisha mkewe Denise kwa wazazi wake ng'ambo ya Lukuga, na mimba tumboni. Tulisema ni ukali wa kiaskari, tulisema ni pombe, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Ndiyo maana mtoto wao Aimée ana miaka mitano na baba yake hajawahi kumbeba. Aliniambia kwamba kila alipomwona kwa mbali anacheka peke yake, aliona ugonjwa unaanza.

“Émérence,” akasema, “miaka sita.” Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa kina Denise, akaniambia nimsindikize. Aimée alijificha nyuma ya mama yake na akakataa kubebwa, kwa kuwa hamjui. Yaya hakumlazimisha. Aliketi chini mlangoni zaidi ya saa moja, hadi mtoto alipokuja mwenyewe kumwonyesha kandambili yake iliyokatika. Akamfungia kwa kamba. Denise alikuwa amesimama na kitambaa cha kichwa mdomoni, na mimi nilishindwa kumtazama usoni.

Mama, kuja. Hata kama moyo wako hautaki kuniona, kuja kwa ajili yake. Ukitaka, utafikia kwa Denise, amekubali. Mimi nitasema tena mbele ya komisyo, na wakinifunga, wanifunge.

Nisalimie Mama Dorothée na wote wa hapo uwanjani. Mungu akulinde juu ya maji na akupe nguvu ya kuimaliza barua hii.

Ni mimi mtoto wako niliyekukosea,
Émérence Mbuyu

Yaya ameomba nafasi hapa chini aandike kwa mkono wake:

Mama, ni mimi Kalenga. Kuja uniambie, nilikuwa mutoto wa namna gani?