Nyumba ya Bashiri Imetiwa Kufuli

Ijumaa, Jedda. Joto la leo linanata mwilini. Madam na watoto wamelala baada ya chakula cha mchana, nami nimekaa jikoni nikiwaza nyumba ambayo hata si yangu.

Ni ya Bashiri, dereva wetu, Mhindi wa Kerala. Aliijenga kwa mkopo, na nyumba yenyewe pamoja na kiwanja ndiyo dhamana. Kafili wake wa kwanza, yaani mwajiri aliyemleta huku, alimkalia mishahara, marejesho yakakwama. Benki ikampa notisi, muda ukapita, na asubuhi hii maofisa wameitia kufuli. Anasema kwao benki haina haja ya kumshtaki mtu kwanza. Sheria inairuhusu kuichukua dhamana. Hata miti ya uani imo, na mafenesi yake mabichi.

Mkewe alimwonyesha yote kwa simu. Bashiri akanigeukia, akasema kwa Kiarabu chetu cha kazini, "Halas, dada. Beti mafi." Nyumba hakuna tena.

Mafenesi hayo yakanirudisha nyumbani kwetu Kaloleni.

Mama alikuwa akijipaka mafuta ya nazi mikononi na kwenye kisu ili ulimbo usimgande. Sisi watoto tukigombania kokwa za kuchemsha, baba akitutania kwamba tutaota miti tumboni. Nimeikumbuka sauti yake.

Nyumba yetu ile ilipigwa mnada. Baba aliiweka rehani anunue mashine ya kusaga mahindi, biashara ikamfia. Mama alitaka kuuza bangili zake za dhahabu waikomboe. Baba akakataa, eti watu watamcheka. Bangili hizo ninazo mimi, sandukuni. Sijawahi kuzivaa.

Bashiri naye ameambiwa na wakili kwamba kabla tangazo la mnada halijatoka, akilipa deni lote anarudishiwa nyumba. Mkewe yuko tayari kuitoa dhahabu yake ya harusi. Bashiri hataki. Anaona aibu.

Mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Leo nimeingilia.

"Mwache auze, kaka," nilimwambia. "Mama yangu alikatazwa, na mpaka leo anakaa chumba cha kupanga."

Alitoa simu mfukoni. Kisha akampigia mkewe pale pale, mlangoni pa jikoni. Sikuelewa neno hata moja la lugha yao, ila nilimsikia yule mwanamke akilia na kucheka kwa pamoja. Bashiri aliniambia Jumatatu mkewe anaipeleka dhahabu sokoni, halafu pesa benki.

Nimefurahi, kweli. Lakini nilipokuwa naosha masufuria nimeona wivu, Mungu anisamehe. Wiki ile ya mnada nyumba yetu ilijaa ami, mashangazi na majirani, wote wakinywa chai yetu na kutoa pole.

Mbona hakuna hata mmoja aliyemwambia baba, "Mwache auze"?